Wenye Hisa wa Kisanduku cha Baga

Machi 1998, kampuni ya EarthShell ya Santa Barbara, California, iliuza hisa zake kwa umma kupitia soko la Nasdaq. Bei ilikuwa dola 21 kwa hisa moja, na fedha zilizokusanywa zilizidi dola milioni 200. Kampuni hiyo haikuwa na mauzo yoyote. Katika vitabu vyake vya hesabu ilijieleza kuwa bado iko katika hatua ya maendeleo, maneno ambayo wahasibu wa wakati huo waliyatumia pale ambapo fedha zinatoka na hakuna zinazoingia. Ilichokuwa nacho ni hataza nyingi, maabara, sampuli za sahani na visanduku vilivyookwa kwa chokaa na wanga, na jina la mteja mmoja ambaye hakuna Mmarekani asiyemjua: McDonald's.

Kwa miaka karibu 9 iliyofuata, hisa hiyo ilipanda na kushuka mbele ya macho ya watu wa kawaida waliokuwa na hisa 200, 500, wengine 1,000. Hawakuwa mabenki wala mifuko ya pensheni. Walikuwa watu waliofungua ukurasa wa biashara gazetini kila asubuhi na kutafuta herufi nne, ERTH.

Ili kuelewa kwa nini watu wenye akili timamu walitoa akiba zao kununua kisanduku cha baga ambacho hakijauzwa bado, inabidi kurudi nyuma hadi 1975. Mwaka huo McDonald's ilianza kutumia kisanduku cha povu la plastiki, chenye kifuniko kinachofunguka kwa bawaba. Kilikuwa chombo kizuri, hilo lisikataliwe. Kilikuwa chepesi, kilihifadhi joto, hakikuvuja mafuta, na bei yake ilikuwa ya kutupa, kama kilivyotupwa chenyewe baada ya dakika chache mezani. Kwa miaka 12 hivi hakuna aliyekitilia maanani.

Kisha ukaja 1987. Machi mwaka huo tishari lililoitwa Mobro 4000 liliondoka New York likiwa na zaidi ya tani 3,000 za taka za mji wa Islip, likitafuta mahali pa kuzimwaga. North Carolina walilikataa. Louisiana walilikataa. Likaburutwa hadi Belize, nako likageuzwa, na mwishowe likarudi New York lilikotoka, ambako taka zilichomwa Brooklyn. Televisheni zililifuata safari nzima. Miezi michache baadaye mataifa yalitia saini Itifaki ya Montreal kuhusu gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, na baadhi ya povu la plastiki lilikuwa likiumuliwa kwa gesi hizohizo. McDonald's iliwaagiza wauzaji wake waziache, lakini kisanduku kilikuwa kimeshapata sifa mbaya. Watoto wa shule walikusanya visanduku vitupu na kuvirudisha kwa posta hadi makao makuu ya kampuni huko Oak Brook, Illinois.

Agosti 1990 McDonald's iliunda kikosi kazi cha pamoja na shirika la mazingira la Environmental Defense Fund, jambo ambalo halikuwa la kawaida enzi hizo. Novemba mosi mwaka huohuo kampuni ikatangaza kwamba kisanduku cha povu kinaondoka katika migahawa yake yote ya Marekani. Badala yake ikaja karatasi ya kufungia yenye matabaka, na baadaye boksi la karatasi ngumu.

Hapo ndipo pengo lilipoonekana, au angalau watu waliamini kwamba lipo. Migahawa ya vyakula vya haraka ilihitaji chombo chenye sifa za povu bila aibu yake. Atakayekipata angeuza mabilioni ya vipande kila mwaka, kwa miaka isiyo na mwisho.

EarthShell ilianzishwa 1992, na waliobuni vyombo vyake hawakutoka katika biashara ya vifungashio hata kidogo. Simon Hodson na Mdenmaki Per Just Andersen walikuwa watu wa zege. Walijua namna ya kuchanganya madini ya bei rahisi na kitu cha kuyashikilia, na wakajiuliza kwa nini ujuzi huo usitumike kutengeneza kitu chembamba kama kikombe. Mchanganyiko wao ulikuwa na unga wa mawe ya chokaa, wanga wa viazi au mahindi, nyuzi za mimea na maji. Aliyewahi kumimina uji wa vitumbua kwenye chuma cha moto anaujua mchakato huu kuliko anavyodhani: uji unaingia kwenye umbo la chuma, umbo linafungwa, maji yanageuka mvuke, mvuke unaumua uji, na baada ya muda mfupi kinatoka kitu kikavu chenye vitundu vidogovidogo ndani. Kitupe ardhini kwenye unyevunyevu, nacho kinaoza.

Ukweli ni kwamba wazo lenyewe lilikuwa limewajia na wengine. Franz Haas ya Austria, kampuni iliyojulikana duniani kwa mashine za kuoka wafer za aiskrimu, nayo ilikuwa na hataza zake za kuoka vyombo vya wanga.

Shida zilianza pale kitu kilipotoka kwenye umbo. Kilikuwa kikavu mno, kinavunjika kama biskuti ya kale, kwa hiyo kilibidi kirudishiwe unyevu kwa kipimo. Wanga hauelewani na maji wala mafuta, na Big Mac ina vyote viwili, kwa hiyo kilihitaji kupakwa utando juu, na utando huo nao ulibidi uwe wa kuoza. Halafu kulikuwa na bawaba. Kisanduku cha povu kilikunjwa pale kifuniko kinapokutana na kitako, mfanyakazi akakifunga kwa kiganja kimoja huku mkono mwingine ukichukua chipsi. Kitu kilichotengenezwa kwa chokaa hakipendi kukunjwa. Andersen na Hodson waliandikisha hataza mahsusi kwa ajili ya bawaba tu, na mtu akizisoma leo anaona wazi kwamba kazi haikuwa ndogo.

Mambo haya hayakuwa siri. Waraka wa kuuzia hisa uliyataja, pamoja na kurasa nyingi za tahadhari. Ila nani husoma kurasa za tahadhari?

Mwaka 1998 Wamarekani wachache sana walizisoma. Wanunuzi wadogo wa wakati huo walikuwa kundi la wawekezaji ambalo halikuwahi kuwepo kabla. Hadi Mei mosi 1975, madalali wa New York walitoza ada ya kudumu kwa kila ununuzi wa hisa, na mtu wa hisa 50 alionekana ni usumbufu. Ada hiyo ilipofutwa, madalali wa bei nafuu kama Charles Schwab wakafungua milango. Miaka ya 1990 ikaleta kompyuta nyumbani, na kampuni kama E*Trade zikamwezesha mtu kununua hisa akiwa jikoni kwake kwa ada ndogo kuliko bei ya chakula cha jioni cha watu wawili. Nyaraka ambazo kampuni huziwasilisha kwa tume ya serikali ya masoko ya hisa, SEC, zikaanza kupatikana bure kwa yeyote mwenye intaneti. Mwalimu aliyestaafu huko Ohio aliweza kusoma karatasi ileile aliyosoma mchambuzi wa benki.

Vilabu vya uwekezaji navyo vilishamiri. Kimoja, cha akina mama 16 wa mji mdogo wa Beardstown, Illinois, kiliandika kitabu mwaka 1994 kikidai faida ya asilimia 23.4 kwa mwaka, na kitabu kikauzwa kama njugu. Machi 1998, mwezi uleule EarthShell ilipoingia sokoni, wakaguzi wa Price Waterhouse walitoa hesabu sahihi: asilimia 9.1. Akina mama hao walikuwa wamechanganya michango yao ya kila mwezi na faida. Hawakuwa matapeli, na kosa lao linasema mengi kuhusu wakati ule, maana nchi nzima ilikuwa ikihesabu hivyo.

EarthShell iliwafaa watu wa namna hiyo kwa sababu ilieleweka. Kampuni za vipitishi vya data na programu za seva zilikuwa fumbo kwa wengi, lakini kila mtu alishawahi kushika kisanduku cha baga. Mtu alikaa mezani McDonald's, akatazama watu wakitupa maboksi, akapiga hesabu. Wamarekani milioni ngapi hula baga leo? Mara senti ngapi?

Kwa kawaida hisa ya kampuni ya vifungashio ni kitu cha kuchosha. Watengenezaji wa makopo na maboksi huenda na bei ya bati na karatasi, hutoa gawio, na mwenye hisa hulala usingizi. Hisa ya teknolojia ya vifungashio ni mnyama mwingine kabisa. Haina mauzo ya kuishikilia, kwa hiyo huendeshwa na matangazo. EarthShell ilikuwa na kitu cha kutangaza kila mara: mkataba na mtengenezaji, hatua mpya ya mtambo, hataza mpya, jaribio la mgahawani. Tangazo likitoka, bei inapanda. Wiki zinapita kimya, bei inalegea. Robo mwaka inaisha na taarifa ya hesabu inatoka ikionyesha hasara ya mamilioni na mapato ya sifuri, bei inashuka tena. Wenye hisa wadogo wakajifunza kusubiri tangazo lijalo, na hapo wakaacha kufanya kazi ya mwenye hisa, yaani kuuliza kipande kimoja kinagharimu senti ngapi kutengenezwa.

Tangazo kubwa kuliko yote lilihusu McDonald's yenyewe. McDonald's ilieleza nia ya kununua visanduku bilioni 1.8 vya Big Mac katika miaka 3, vitakavyotengenezwa na kampuni ya vikombe ya Sweetheart Cup katika kiwanda chake cha Owings Mills, Maryland. Namba hiyo ilirudiwa kila mahali, na ndiyo iliyowashika watu. Lakini ilibebwa na masharti ambayo hayakurudiwa mara nyingi hivyo: kisanduku kitimize viwango, na bei yake ishindane na ya boksi la karatasi. Tena bilioni 1.8 ikigawanywa inakuwa milioni 600 kwa mwaka, yaani zaidi ya visanduku milioni 1.6 kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo, kila kimoja kikiwa na bawaba isiyovunjika. Kuoka sampuli kumi nzuri maabara ni jambo moja. Mtambo unaotoa kipande kizuri kila sekunde, mchana na usiku, bila kimoja kati ya kumi kuwa cha kutupwa, ni jambo jingine, na hilo ndilo lililokula fedha za wanahisa.

Fedha zenyewe zilielekea Owings Mills kwa wingi, kwa sababu EarthShell, iliyokuwa imepanga kuishi kwa kutoza leseni, ilijikuta ikigharamia mitambo ndani ya kiwanda cha mtu mwingine. Watengenezaji wa vikombe hawakuwa wajinga. Kama teknolojia ni nzuri hivyo, walisema kwa vitendo, aliyeibuni aweke fedha zake kwanza.

Aliyekuwa nyuma ya yote haya ni Essam Khashoggi, mwenyekiti wa kampuni. Jina la ukoo litawashtua wasomaji wa Afrika Mashariki wenye kumbukumbu: Essam alikuwa mdogo wake Adnan Khashoggi, mfanyabiashara wa silaha wa Saudia aliyewahi kumiliki ranchi ya Ol Pejeta huko Laikipia, kabla haijaangukia mikononi mwa Lonrho. Essam alikuwa mtu wa utaratibu mwingine, mwekezaji aliyejikita Santa Barbara. Kampuni yake binafsi, E. Khashoggi Industries, ndiyo iliyomiliki teknolojia. EarthShell ilikuwa na leseni ya kuitumia kwa vyombo vya chakula tu. Kampuni hiyohiyo ya familia ilibaki na sehemu kubwa ya hisa, hivyo mwenye hisa 500 alikaribishwa kwenye mkutano mkuu, akapewa chai, na kura yake haikubadilisha kitu.

Kulikuwa na pengo jingine ambalo historia za masoko hulipita haraka. Hadi mwaka 2000, kampuni za Marekani ziliweza kuwapigia simu wachambuzi wa mabenki na kuwaeleza mambo ambayo mwenye hisa wa kawaida angeyasikia siku kadhaa baadaye, bei ikiwa imeshasogea. SEC chini ya Arthur Levitt ilipopendekeza kupiga marufuku mtindo huo, ilipokea karibu barua 6,000, nyingi kutoka kwa watu binafsi. Mabenki yalipinga. Kanuni ilianza kutumika Oktoba 2000, na kuanzia hapo mtu yeyote aliweza kusikiliza mkutano wa simu wa kampuni yake, mradi avumilie muziki wa kusubiria.

Bei nazo bado zilinukuliwa kwa sehemu. Hisa haikuwa dola 1.44 bali 1 na 7/16, na aliyetaka kununua alilipa, tuseme, 1 na 9/16. Tofauti hiyo ya moja ya nane ya dola inaonekana si kitu. Kwa hisa 1,000 ni dola 125, na zilibaki kwa mfanyabiashara wa katikati kila mara mtu alipoingia na kutoka. Kwa hisa ya dola 80 hilo ni vumbi. Kwa hisa iliyoanguka hadi dola moja na nusu, ni karibu asilimia 8 ya fedha ya mnunuzi kabla hajaanza kusubiri chochote. Nasdaq ilihamia desimali mwaka 2001.

Kufikia hapo soko lote lilikuwa limeporomoka. Kipimo cha Nasdaq kilifika kilele cha pointi 5,048 tarehe 10 Machi 2000, na miaka miwili na nusu baadaye kilikuwa kimepoteza zaidi ya robo tatu. EarthShell ilikuwa imeanza kuanguka mapema zaidi, wakati hisa za teknolojia nyingine bado zinapaa, na hilo lilipaswa kuwa onyo. Wengi walilisoma kinyume: wakaona wananunua kwa bei ya chini kitu kilichosahauliwa.

Visanduku vyenyewe vilifika kwenye migahawa ya McDonald's ya eneo la Chicago kwa majaribio. Wateja hawakulalamika. Tatizo lilikuwa gharama na kasi, kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Kampuni ikaanza kuishi kwa mikopo, mingine kutoka kwa mwenye hisa mkuu, na kwa hati za deni zinazoweza kugeuzwa kuwa hisa. Hati hizo zina tabia mbaya kwa mwenye hisa mdogo: bei ya hisa inapokuwa chini, deni lilelile linageuka kuwa hisa nyingi zaidi, na fungu lake yeye linapungua huku hajauza kitu. Mitambo ya mamilioni ikaandikwa kuwa hasara. Jumla ya hasara tangu kuanzishwa ikakaribia dola milioni 300.

Nasdaq haivumilii hisa inayouzwa chini ya dola moja kwa muda mrefu. Mwaka 2003 EarthShell ikafanya kile ambacho kampuni nyingi zilizobanwa hufanya: ikaunganisha hisa, kila 12 zikawa 1. Mtu aliyenunua hisa 1,200 siku ya kwanza kwa dola 25,200 alifungua barua ya dalali na kukuta ana hisa 100. Hajaibiwa, kihesabu. Ila ili arudishe fedha yake, kila hisa sasa ilipaswa kufika dola 252, na ilikuwa ikiuzwa kwa sehemu ndogo sana ya hiyo. Mwaka uliofuata kampuni ikaondoka Nasdaq na kuhamia soko la pembeni, ambako madalali hunukuu bei bila orodha rasmi na wanunuzi ni wa kutafuta kwa tochi. Sweetheart yenyewe ikanunuliwa na kampuni ya Solo Cup mwaka huohuo.

Januari 2007 EarthShell iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi huko Delaware. Sheria ya Marekani inawalipa wadai kwanza, na wenye hisa hukaa mwisho wa foleni.

Big Mac ya Marekani iliendelea kuuzwa ndani ya boksi la karatasi, bidhaa isiyo na hataza ya kusisimua wala hisa ya kufuatilia. Lakini hamu ya hisa za aina hii haikufa. Desemba 2020 kampuni ya Danimer Scientific ya Bainbridge, Georgia, iliyokuwa ikitengeneza plastiki ya kuoza kutokana na mafuta ya mbegu za kanola, iliingia soko la New York kwa njia ya kuungana na kampuni tupu iliyokwishaorodheshwa. Majina ya wateja yalikuwa makubwa, PepsiCo likiwemo. Februari 2021 hisa yake ilipita dola 60. Mwezi uliofuata gazeti la Wall Street Journal lilihoji jinsi plastiki hiyo inavyoelezwa kuoza, na bei ikaanza kuteremka. Kiwanda cha Winchester, Kentucky, kiliendelea kupanuliwa, mauzo hayakukua kwa kasi iliyotarajiwa, na mikopo ikarundikana. Novemba 2024 Danimer iliunganisha hisa zake, kila 40 zikawa 1, hivyo aliyenunua kwa dola 60 sasa alihitaji dola 2,400 kwa kila hisa ili asipate hasara. Machi 2025 nayo ilifungua shauri la ufilisi, huko huko Delaware.